Mwali aliniuliza swali moja chini ya khanga, nikagundua kungwi ndiye hajafundwa

Wakuu, salaam kwenu wote, mlio nyumbani na tulio mbali na nyumbani.

Mimi humu ni msomaji wa miaka mingi. Napita, nacheka, naondoka zangu. Leo naandika mwenyewe, na haya yamenikuta mimi, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata pale nilipofanya ujinga.

Tahadhari mapema: ya ndani ya chumba cha mwali siyatoi. Kungwi haropoki. Kama umefungua uzi huu ukitafuta mafunzo ya bure, utatoka mikono mitupu, rudi kwenye jukwaa la mpira.

Tuendelee.

Mimi ni Mtanga, niko hapa Durban mwaka wa tisa na mume wangu na binti yetu mmoja, tumwite Zuhura, ana miaka kumi na moja. Baba Zuhura ni fundi simu mjini. Mimi nasuka nywele kwenye saluni ya mama mmoja Mkongo karibu na Point, tumwite Mama Furaha. Ndiye bosi wangu.

Hiyo ni kazi ya mchana. Kazi yangu ya pili, ambayo ndiyo inayonipa heshima, ni ukungwi.

Nilifundwa na shangazi yangu, marehemu sasa, mwanamke aliyekuwa na jina Tanga nzima. Akinyanyua nyusi tu, mwali anakaa sawa. Baada ya kunifunda akanichukua niwe msaidizi wake, nikabeba khanga na chetezo chake miaka minne. Kwa hiyo sikuokota hii kazi mtandaoni kama hawa wa siku hizi.

Nilipofika huku nikadhani nimeuacha ukungwi Tanga. Wapi! Wabongo wa Durban wanaoa, na mama wakwe wako Dar na Tanga wanapiga simu kuuliza, "Huyo binti amefundwa?" Nikajikuta naitwa. Liwa na karafuu navipata kwa Wahindi wa kule Overport, bora kuliko hata vya nyumbani. Udi upo. Kilichokosekana ni ngoma tu, maana kwenye haya maghorofa ya South Beach ukipiga ngoma jirani anaita mlinzi. Tunapiga ndoo ya plastiki, taratibu, na kitambaa juu yake. Inatosha.

Nimefunda wanawali kumi na wawili hapa. Wote ndoa zao zimesimama. Nilikuwa najisifia hilo kila mahali, hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Sasa akaja Dokta.

Dokta ni Mkenya, anafundisha chuo, anaishi Sydenham peke yake na paka wawili. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Alikuja saluni siku moja kusukwa, na nywele zake ni nyingi, kazi ya saa sita. Saa sita mikono yako iko kichwani mwa mtu, mtaongea tu, hata kama hamtaki.

Nikamuuliza anafundisha nini. Akasema anafundisha mambo ya wanawake, kwamba yeye ni radical feminist.

Nikamwambia, "Radical ndiyo kusemaje? Mnachukia wanaume?"

Akacheka mpaka nikaacha kusuka. "Aki wewe! Radical maana yake unaenda hadi kwenye mzizi. Wengine wanaanza na mshahara, na kura, na nani amekaa kwa ofisi gani. Sisi tunasema mzizi uko kwa mwili. Nani anaamua mwili wa mwanamke ni wa nini. Siasa inaanzia hapo, kitandani, labour ward, kwa kioo."

Nikaona huyu ndiye mtu wangu wa kubishana naye. Nikamwambia mimi pia kazi yangu ni mwili wa mwanamke. Nikamweleza ukungwi, ule wa juu juu. Akageuka kwenye kiti macho yamemtoka, nikamrudisha kichwa mbele.

Tangu siku hiyo tukawa marafiki wa kugombana. Alikuwa anakuja hata kama nywele hazidai kitu. Analeta chapati, anakaa kwenye lile benchi la wateja, tunaanza.

Yeye akasema shanga za kiunoni ni mnyororo wa mapambo. Nikamwambia wewe unakaa saa sita unavutwa kichwa, unamsukia nani, wale paka? Akatafuna chapati.

Yeye akasema singo, kule kumsugua mwali kwa liwa na karafuu, ni kumwandaa mwanamke kama nyama ya kuchoma. Nikamwambia siku nikikusugua singo utaniomba radhi.

Lakini kuna siku alisema jambo likanikaa. Alisema, "Mama Zuhura, si uniambie kitu. Kwa masomo yako kuna jinsi ya kumpokea mume, jinsi ya kumpikia, jinsi ya kumfurahisha, jinsi ya kujua amekasirika. Sawa. Na yeye? Ni siku gani mnafundisha kile anataka yeye?"

Nikamjibu haraka haraka, "Mume akifurahi na mke anafurahi."

Akasema, "Huyo mwanamke ni kama mwenye nyumba anayelala kibarazani. Ndani amempangishia mtu."

Nilikasirika, sikumsemesha wiki nzima. Halafu nikammiss, nikampigia simu aje ale pilau.

Hapo ndipo tunaingia kwenye kisa chenyewe.

Binti wa bosi wangu, huyo Furaha, akachumbiwa na kijana Mbongo, Joel. Kijana mzuri, mpole, anafanya kazi bandarini. Wakongo wana taratibu zao, mahari ikapita, kila kitu sawa. Lakini mama yake Joel akapiga simu kutoka Tanga: mkwe wangu lazima afundwe kama tulivyofundwa sisi.

Mama Furaha akanijia, mikono kiunoni. "Mama Zuhura, ile mambo yenu ya kufunga mutoto ndani, iko nini? Bon, minakuaminia. Lakini mutoto yangu asitoke kule na kulia."

Nikamwambia atatoka anameremeta.

Dokta aliposikia, akaanza kuomba aingie. Nikamkatalia. Kwetu asiyefundwa haingii chumbani, hata awe rais. Akaomba tena. Akaleta keki. Mwisho nikamwambia kwa utani, "Ukitaka kuingia, ingia kama mwali. Ufunikwe khanga, ukae chini, na usifungue mdomo mpaka nimalize."

Kwenye shule ya shangazi yangu mwali hasemi, wakuu. Hiyo ndiyo sheria namba moja. Anafunikwa gubigubi, anainamisha kichwa, anapokea. Ukiuliza swali umemvunjia kungwi heshima. Shangazi alikuwa anasema mwali ni chungu, na chungu hakisemi, kinajazwa.

Nilijua Dokta hataweza. Mtu anayelipwa kwa kuongea?

Akasema, "Nimekubali."

Basi Jumamosi moja kabla ya harusi, nyumbani kwa Mama Furaha, ghorofa ya saba, wanaume wametimuliwa, mapazia yameshushwa, udi unafuka. Kwenye mkeka wamekaa wanawali wawili: Furaha wa miaka ishirini na nne, na pembeni yake profesa wa miaka hamsini na mbili, miguu imemganda, amefunikwa khanga yangu nyekundu. Nilijikaza nisicheke. Mama Furaha, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akashindwa, akakimbilia jikoni.

Na nawaambia ukweli, Dokta alitii. Saa tatu nzima hakutoa hata kikohozi. Nilimheshimu.

Nikafundisha vizuri siku ile. Ndoo inalia, Wabongo wenzangu waliofundwa wanaitikia, mambo yanakwenda. Nikafika kwenye somo la kutomnyima mume, na hilo ndilo pekee ninalolitoa hapa, maana ndilo lililoniumbua. Nikasema kama shangazi alivyosema, neno kwa neno: mke hana ukuta, mume akibisha mlango ufunguke, uchovu si sababu, hasira si sababu.

Hapo khanga ya Furaha ikatikisika. Kichwa kikainuka. Sauti ikatoka, ndogo.

"Mama, na kama inauma?"

Ndoo ikanyamaza. Watu wakatazamana. Mwali amesema!

Wakuu, nilikuwa na sekunde mbili tatu. Na jibu lilikuwa mdomoni tayari, limekaa hapo miaka. Nikasema, "Inapita. Funga meno, mwanangu. Inapita."

Kichwa cha Furaha kikashuka.

Kisha nikaona kitu. Mkono mmoja ukatoka chini ya ile khanga nyekundu, ukatambaa kwenye mkeka, ukaingia chini ya khanga ya Furaha. Dokta alikuwa amemshika mkono. Hakusema neno, alishika ahadi yake. Alimshika tu, na hakumwachia mpaka mwisho.

Nikaendelea kufundisha, lakini ladha ilikuwa imeisha.

Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, Dokta akaja kusukwa kwa ajili ya sherehe. Saluni haikuwa na watu. Mama Furaha yuko nje anagombana na mtu wa maua kwenye simu, Kifaransa kinaruka.

Nikaanza kumgawa nywele. Chapati hakuleta, ubishi hakuanza. Nikajua tu.

Akasema, "Niliahidi kunyamaza kule ndani. Hapa si ndani, sivyo?"

"Uliza tu, Dokta."

"Ulimwambia inapita. Nataka kujua, sina ubaya. Wewe ilikupita baada ya muda gani?"

Kichana kikasimama.

Naomba mnielewe hapa, hasa dada zangu. Si kwamba sikujua naumia. Mtu anajua. Lakini nilikuwa sijawahi kuhesabu. Nikahesabu pale pale, nimesimama nyuma ya kile kiti. Ilianza baada ya kumzaa Zuhura. Nilishonwa, mshono ukapona kwa juu, na tangu hapo kila mara ni kama kisu. Kila mara. Zuhura ana miaka kumi na moja.

Mtoto yuko darasa la tano na mama yake bado anasubiri ipite.

Niliwahi kusema mara moja tu. Zuhura ana miezi mitatu, nikamwendea shangazi. Akaniambia, "Funga meno, itapita. Na usimwambie mumeo. Mwanaume akijua mkewe anaumia, anaona ameharibika, anatafuta mzima." Shangazi alinipenda wakuu, msimseme vibaya. Alinipa alichopewa. Nami nikakitunza kama urithi, nikawagawia wanawali kumi na wawili, na wa kumi na tatu nimempa Jumamosi.

Nikamwambia Dokta, "Nyamaza."

Nikasuka msuko mmoja, nikausuka vibaya, nikaufumua. Kisha nikaanza kulia, machozi yanamdondokea utosini. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akashika mkono wangu kama alivyomshika Furaha.

Nilitegemea atanipa lecture. Hakunipa. Alisema tu, "Pole, dada yangu. Pole sana."

Waswahili tunasema mganga hajigangi. Sikujua inanihusu mimi.

Alhamisi asubuhi Furaha alikuja saluni kuoshwa nywele. Nikasema nitamwosha mwenyewe. Nikamlaza kwenye sinki, maji ya vuguvugu, na kwa sababu hakuwa ananiona usoni nikapata ujasiri.

Nikamwambia, "Furaha, Jumamosi nilikudanganya. Mimi haikunipita. Naumia mpaka leo."

Nikafikiri hajasikia, povu limemwingia masikioni. Nikatazama, kumbe analia.

Akaniambia kwamba kila mwezi akiingia kwenye siku zake anaumwa mpaka anaanguka, na daktari ameshamwambia ni ugonjwa, na kwamba unaweza kumletea maumivu hata kwenye ndoa. Joel hajui. Hata mama yake anajua nusu. Swali lake halikuwa la utundu, wakuu. Alikuwa amelibeba kwa miezi, akasubiri siku ya kufundwa kwa sababu aliambiwa kule ndiko wanawake wanasema kweli.

Na mimi nikamwambia afunge meno.

Akasema, "Nilikuwa nataka kumwambia mama tuache hii mariage. Minaogopa. Minampenda Joel, lakini minaogopa kila siku ikuwe vile."

Nikamwambia, "Usiache. Mwambie Joel kabla ya Jumamosi. Mwambie yote."

Akajiinua kwenye sinki, maji yanamchuruzika shingoni, akanitazama. "Na weye, Mama? Ulimwambia Papa Zuhura?"

"Bado."

"Sasa unanituma kwenye njia hujapita?"

Huyo ndiye binti aliyekatazwa kusema.

Akaniambia, "Mwambie yako leo. Kesho uniambie alijibu nini. Nami ndio nitajua nifanye nini." Akajilaza tena, nimalizie povu.

Basi harusi ya watu ikawa imening'inia kwenye mdomo wangu. Namjua Baba Zuhura, si mkali, hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini maneno ya shangazi yalikuwa yanazunguka kichwani: anatafuta mzima.

Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, nikampigia simu asipitilize nyumbani, anikute beach. Zuhura nikamwachia viatu vyake vya magurudumu, akawa anateleza kwenye ile njia pana mbele yetu, anaenda anarudi. Baba Zuhura akaja na robo ya bunny ya maharage, ule mkate uliotobolewa ukajazwa mchuzi. Akakaa, akanimegea.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Niliogopa nikizunguka nitarudi nilikotoka.

Akaacha kutafuna. Akageukia bahari. Nikawaza, ndiyo hivyo, imeisha.

Akasema, "Kila mara?"

"Kila mara."

"Tangu Zuhura?"

"Tangu Zuhura."

Akauweka mkate kwenye benchi. Akasema, polepole, "Mimi nilikuwa naona. Nilikuwa naona unafumba macho, unabana pumzi, unauma meno. Nilidhani ndivyo mlivyofundwa."

Wakuu, maneno yale yamenikata kuliko kisu chenyewe.

"Tena nikawa najisifia," akasema. "Kwa wenzangu. Kwamba nimeoa aliyefundwa." Na hapo machozi yakamtoka, mwanaume mzima, mbele ya watu wanaokimbia mazoezi. "Kwa hiyo mimi nashukuru, wewe unaumia. Miaka yote hiyo umeniacha niwe mtu wa namna hiyo?"

Sikuwahi kulifikiria kutoka upande huo. Nilidhani nimemficha maumivu yangu. Kumbe nimemfanya awe ananiumiza bila kujua, mtu ambaye hata nzi anamtoa dirishani kwa mkono.

Nikamweleza ya shangazi, kwamba niliogopa ataniona nimeharibika atafute mwingine.

Akafuta uso kwa kiganja. "Simu ikiletwa imeharibika, huwa naitupa?"

"Mimi si simu, Baba Zuhura."

"Samahani. Mazoea ya kazi."

Tukacheka, pua zinatuchuruzika wote wawili, Zuhura akapita na magurudumu yake akatutazama kama vichaa.

Kisha akasema, "Tuache kwanza. Mpaka ujue una nini. Na hata ukishajua, wewe ndiye utasema." Halafu akaniuliza swali ambalo nimefunda wanawake kumi na watatu na sijawahi kuulizwa wala kuuliza: "Wewe unapenda nini?"

Nikafungua mdomo. Wakuu, sikuwa na jibu. Najua anachopenda yeye mpaka kidole cha mguu. Changu nilikuwa sikijui.

Nikamwambia, "Napenda unavyonimegea mkate." Akauchukua, akanimegea tena.

Ijumaa nikamweleza Furaha, neno kwa neno, pamoja na ya simu. Akacheka ya simu. Akaondoka, akampigia Joel, wakaenda kuzunguka na gari. Walirudi baada ya saa mbili, macho ya wote yamevimba, na Joel akanifuata pembeni kwa adabu zote akaniuliza chai ya tangawizi ya mtu mwenye maumivu inapikwaje, iwe kali kiasi gani. Nikajua yule atakuwa sawa.

Nikabaki na Mama Furaha. Nilijua atasikia, na nikaona bora asikie kwangu. Nikamwambia kwamba nilimfundisha mwanae vibaya nikamrekebisha, na kama ananifukuza kazi nitaelewa.

Nilijiandaa kusikia Kifaransa kikiruka. Akaendelea kukunja taulo. Taulo nne tano hivi. Akasema, "Miye ata siku moja hakuna mutu aliniuliza kama inauma." Akakunja nyingine. "Watoto sita." Kisha akasema, "Kesho uvae vizuri, utakaa kwenye meza ya famille." Hatujaligusa tena jambo hilo, lakini tangu siku hiyo chai yangu ananikorogea mwenyewe.

Ndoa ilifungwa, Furaha alimeremeta kama nilivyoahidi. Dokta alicheza mpaka viatu vikakatika.

Baada ya hapo nikaenda kliniki. Nesi mmoja mama wa Kizulu, wa kule Cato Manor, alinisikiliza, akaweka kalamu chini. "Eish, mama. Eleven years?" Akanielekeza kwa wataalamu. Kumbe kovu la mshono lilipona vibaya, na misuli nayo ilishazoea kujikaza kwa woga kabla hata sijaguswa. Ina tiba. Kuna mazoezi, kuna dawa ya kupaka, inakwenda taratibu. Nilikuwa natembea na kitu chenye tiba kwa sababu nilifundishwa kukaza meno.

Sasa mtauliza, umeacha ukungwi?

Thubutu! Kufundwa ndiko mahali pekee ninapojua mwanamke anaweza kusikia habari za mwili wake bila kuonwa malaya. Hilo Dokta amelikubali, kwa shingo upande. Yeye alidhani nikishika maneno yake nitachoma khanga. Nikamwambia mzizi wako na mzizi wangu ni mmoja, wewe unataka kuung'oa, mimi nataka kuumwagilia maji safi. Anasema bado anafikiria.

Ila nimebadilisha sheria namba moja. Kwangu mwali sasa ndiye anayeanza. Kabla sijafundisha chochote anakaa bila kufunikwa, na anasema: anaogopa nini, anaumwa wapi, anapenda nini. Sisi wakubwa ndio tunanyamaza. Akimaliza ndipo namfunika, na lile somo la mlango nimeligeuza: mlango una mwenyewe, naye ndiye mwenye ufunguo. Wale kumi na wawili wa zamani nimewapigia simu mmoja mmoja. Watatu walilia kabla sijamaliza sentensi. Mmoja alinitukana, na alikuwa na haki.

Kituko cha mwisho: mwezi uliopita Dokta alikuja kwangu, akafunga mlango, akaninong'oneza kama mwizi. Anataka shanga. Nikamwuliza za nani? Akasema, "Zangu. Nikitembea nizisikie, basi." Nilimtungia mistari mitatu, ya kijani. Na singo nilimsugua. Radhi aliniomba.

Na sisi je? Imechukua miezi. Baba Zuhura hajawahi kunikumbusha wala kunihesabia. Mimi ndiye niliyesema siku ilipofika.

Katikati ya yote akasita, akaniuliza kwa wasiwasi, "Mbona umefumbua macho? Inauma?"

Nikamwambia, "Hapana. Nakutazama."

Nilichojifunza ni hicho, wakuu. Uvumilivu ambao mwenzio haujui si zawadi kwake, na mwili wako ukikuambia kitu, wewe ndiye wa kwanza kuusikiliza.

Dada zangu, karibuni hapa chini, semeni hata kwa ID bandia. Makungwi wenzangu, mkinitukana nitasoma.

Na nyie wanaume, kabla hamjaandika chochote, nendeni kwanza mkaulize nyumbani. Mkishajibiwa, rudini mtuambie.